Shingo Zote ni Sawa

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilivaa sweta Bunda. Asiyeijua Bunda hawezi kuelewa hicho ni kichekesho cha namna gani. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, jua limewakalia watu utosini, wanawake wamejifunga khanga kifuani na jasho linawatiririka hadi visiginoni, na katikati yao mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mke mpya, nimefunga vifungo vyote vya sweta la sufu na bado natetemeka. Wenzangu walikuwa wakijaza magunia, mimi nahangaika na kapu. Nikiinama nashikwa na usingizi, nikiinuka nashikwa na kizunguzungu. Sauti ilikuwa imekwaruza kama ya mlevi, na uso ulinivimba kila asubuhi hadi wanafunzi wangu walikuwa wakinyamaza nikiingia darasani.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka vilimani, upande wa Manyamanyama, wakapangwa kwa mistari, wakapewa shamba la pamoja. Kila mtu alipimiwa kipande chake, na asiyekimaliza aliitwa kupe. Mimi sikukimaliza hata siku moja. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi aliyependa kusimama juu ya kitu anapozungumza, alinitaja mkutanoni mbele ya wazazi wa watoto ninaowafundisha.

"Huyu mwalimu anawafundishaga watoto wetu kujitegemea," alisema, "yeye mwenyewe kwenye pamba analala. Kupe msomi!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; mwenyekiti wetu alikuwa na upara.

Aliyesimama kunitetea alikuwa mama mkwe. Naliandika hili mapema ili nisije nikaambiwa nimemdhulumu. Alisimama, akakaza khanga yake kiunoni, akasema, "Huyu si mvivu. Nakaa naye, namuona. Huyu ana rovu ya ndani."

Rovu ni ule uvimbe wa shingoni unaoning'inia chini ya kidevu. Mama mkwe mwenyewe aliwahi kuwa nalo, kubwa kama pera, na lilikuwa limenywea baada ya kupewa matone ya ayodini pale zahanati ya kijiji: maji ya kahawia yenye harufu kali, unayadondoshea kwenye kikombe cha maji unakunywa. Tangu rovu liliponywea, aliingizwa kwenye kamati ya afya, akawa anazungumzia shingo za watu kana kwamba amezizaa yeye. Ukimpita njiani bila kuinua kidevu akuangalie, alikuita urudi.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba hakukosea sana. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda na alikuwa akilala Nyasura siku za kazi, alinichukua hadi Musoma kwa daktari. Daktari alinishika shingo, akaniangalia macho, akanigonga goti kwa kinyundo, na goti langu likafikiri kwanza kabla ya kuruka. Damu ilipelekwa mbali, majibu yakarudi baada ya muda mrefu. Tezi ya shingoni, alisema, ndiyo inayoupa mwili kasi yake, na ya kwangu inafanya kazi kwa uvivu. Kumbe mvivu alikuwepo kweli, ila hakuwa mimi.

Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza asubuhi kabla ya kula, kidogo kidogo kwanza, mwili uzoee. Kisha akaniuliza kama kijijini kwetu kuna watu wanaokunywa ayodini. Nikamwambia wapo, tena wanasifia.

"Wafaidi," alisema. "Aliyevimba shingo kwa kukosa ayodini, ayodini inamfaa. Tezi yako wewe haina njaa, mwalimu, inaugua. Ukiilisha kwa nguvu itazidi kulala. Usinywe bila mimi kujua."

Nilirudi nikalieleza neno hilo nyumbani, polepole, kama ninavyoeleza darasani. Ningekuwa nimewaelezea ng'ombe zizini ningepata angalau mmoja wa kutikisa kichwa. Daktari wa Musoma, waliniuliza, anajua nini kuhusu shingo za Bunda? Dawa inaponya shingo. Ugonjwa wangu uko shingoni. Kwa nini ninyimwe? Na wakati huohuo kamati ya afya ilikuwa imefikia uamuzi wa busara kuliko wote niliowahi kuushuhudia maishani. Iliona kuwapa matone wenye rovu peke yao ni upendeleo. Kwa nini aliyevimba apate na asiyevimba akose, wakati dawa ni ya kijiji? Ikaamuliwa watu wazima wote wapange foleni, kila mmoja apate matone sawa na mwenzake.

"Shingo zote ni sawa!" mwenyekiti alitangaza, amesimama juu ya kreti. Wakapiga makofi.

Zamu yangu ilipofika nilikataa. Mwenyekiti akaniambia huo ni ubinafsi, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba hapa tunazungumzia shingo. Akasema Butiama, nyumbani kwa Rais, watasikia. Hilo ndilo lilikuwa tishio lake la kila siku. Mbuzi wa mtu akila pamba, Butiama watasikia. Mvua ikichelewa, nadhani aliitishia Butiama vilevile. Mama mkwe akaingilia kati.

"Muacheni mwanangu. Nitaongea naye nyumbani."

Nyumbani hakuongea chochote. Nilimshangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kumeza neno. Badala yake akaanza kunipenda. Kila asubuhi, nikishamaliza kidonge changu na kungoja kidogo kama nilivyoelekezwa, alikuja mlangoni kwangu na bakuli la uji wa ulezi, mwekundu, mzito, unaotoa moshi. Alisimama pale pale hadi nimalize. "Kunywa ungali moto," alisema. "Uji ukipoa unakuwa wa mbwa." Nilimsifia kwa mume wangu, nikawasifia walimu wenzangu mkwe niliyejaliwa.

Niseme kwa nini sikuwa nikijipikia. Kwa wakwe zangu mke mpya hana moto. Anapika kwenye mafiga ya mama mkwe, anakula kutoka chungu cha mama mkwe, hadi azae ndipo anapewa mafiga yake matatu na kuambiwa sasa wewe ni mwenye nyumba. Mimi nimetoka kwenye rasi, kwa wavuvi, ambako msichana akiolewa anakwenda na sufuria yake kichwani na moto anaomba kwa jirani. Niliiona desturi hiyo ni ya kumfuga mtu. Lakini nilikuwa mgeni, tena mgonjwa, na mtu anayekuletea uji hadi mlangoni humwambii unataka uhuru.

Vidonge vilinisaidia kwa muda mfupi mno, kisha nikaanza kurudi nyuma. Baridi ikaniingia upya mifupani. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilirudi Musoma, daktari akakunja uso.

"Unakunywa ayodini?"

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Mimi ni mwalimu," nilimwambia. "Najua ninachoweka mdomoni."

Akaongeza vidonge. Mimba yangu ya kwanza ilikuja katikati ya hayo, ikakaa hadi tumbo likaanza kuonekana, hadi mama mkwe akaanza kutafuta mawe mazuri ya mafiga kule mtoni, kisha ikatoka. Ilikuwa siku ya soko Bunda na njia nzima ilikuwa na watu. Nililala chini ya kitenge cha mama mkwe, yeye ananikanda tumbo kwa kitambaa cha maji moto, analia kuliko mimi. Asubuhi iliyofuata aliniletea uji.

Niliumia kwa namna ambayo sitaipamba. Nilijichukia, nikaichukia shingo yangu. Mwenyekiti alikuja kunipa pole, akasema labda ningekunywa dawa ya kijiji mapema haya yasingenikuta. Alisema hivyo akiwa amekalia kiti changu.

Nilipopata mimba ya pili daktari hakunipongeza. Aliniambia kwamba mtoto mwanzoni hana tezi yake, anategemea ya mama, na kwa hiyo vidonge hivyo ninameza kwa ajili ya wawili. Tezi yangu ikiendelea kuzama huyu naye anaweza kutoka, au anaweza kuzaliwa na akawa mzito wa akili maisha yake yote. Akaniuliza tena juu ya ayodini. Safari hii nilikasirika waziwazi, nikamwambia kama hana swali jingine anipe dawa zangu niwahi basi. Alinipa. Nilipanda basi nikiwa nimeshika tumbo, nikimwona yeye ndiye mjinga.

Mwaka ule ulezi uliisha mapema. Kijiji kizima kikahamia kwenye udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa, na uji wangu nao ukawa wa muhogo, mweupe, unaovutika. Mama mkwe aliomba radhi kwa ajili yake. Nikamwambia kwetu ndio tuliokulia, asijali. Niliunywa, moto vilevile, yeye amesimama.

Kisha siku moja mwalimu mkuu alituma mtu mbio: mkaguzi wa shule amefika, amepanda baiskeli kutoka barabarani, yuko ofisini anafuta viatu. Baada ya funda moja nikaweka bakuli dirishani, nikalifunika kwa kawa, nikatoka. Mama mkwe alipiga kelele nyuma yangu nimalize kwanza, lakini mkaguzi ni mkaguzi. Nilirudi wakati wa mapumziko ya asubuhi, nina njaa, nikafunua kawa.

Uji ulikuwa wa bluu. Si bluu ya kijivu kama chakula kilicholala. Bluu ya wino, inayoelekea weusi.

Somo la wanga darasa la sita nililifundisha kila mwaka kwa namna moja. Unakata muhogo, unadondoshea ayodini, pale palipodondoka panageuka bluu. Watoto wanashangilia. Halafu, kwa wale wanaojifanya wamechoka, unachemsha maji ya wanga kwenye kikombe cha bati juu ya kibatari, unatia tone: ikiwa moto rangi haionekani, ikipoa inajitokeza yenyewe. Ulezi, mwekundu jinsi ulivyo, ungeficha hata wino. Nilisimama na lile bakuli, mwalimu mwenye chaki mkononi, na sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mboga.

"Mama, humu umetia nini?"

Alitazama ndani ya bakuli, akashangaa kidogo na rangi, lakini hakubabaika. "Dawa."

"Dawa gani?"

"Si ya shingo? Ulikataa kunywa mbele ya watu, nikasema huyu ana haya ya kisomi. Basi nikawa nakuwekeaga kwenye uji. Matone tu. Yako mengi kidogo kuliko ya wengine, kwa sababu rovu yako iko ndani, dawa inakuwaga na safari ndefu."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu siku ile ulivyokataa." Na akanitazama kwa uso wa mtu anayengoja kushukuriwa.

Nilimwaga maneno ambayo mke mpya hamwagi. Nilimwambia yeye si daktari, ni mwanamke aliyepona rovu, na kwamba mbuzi aliyepona upele haitwi bwana mifugo. Alisema ananisamehe kwa sababu nina mimba. Nikachukua bakuli lile hadi ofisi ya kijiji, nikaliweka mezani kwa mwenyekiti, nikiamini, mjinga mimi wa vitabu, kwamba mtu akiona jambo kwa macho atalielewa. Mwenyekiti aliliinua juu kama kombe la mpira. Akatoka nalo nje.

"Mnaona nguvu ya dawa?" aliwauliza watu waliokuwa wamekaa barazani. "Imegeuza uji! Sasa itashindwa nini kugeuza rovu?"

Ndani ya wiki kijiji kizima kilitaka uji wa bluu. Nyumba iliyoona uji wake umebaki mweupe ililalamika kwamba imepunjwa, kamati imewapa maji. Mtu mmoja aliyekuwa bado na akiba ya ulezi aliushusha kwa jirani akabadilishana na udaga, ili naye dawa yake ionekane inafanya kazi. Mhudumu wa zahanati, aliyesomea haya mambo, alipoulizwa alisema suala hilo liko chini ya kamati. Walikunywa na kulambalamba midomo ya bluu, wakacheka wanaonyeshana ndimi, na mwenyekiti akaandaa taarifa kwamba kijiji chake kimeongoza kwa afya.

Mume wangu alikuja Jumamosi. Nilimweleza yote. Alikaa kitako, akasema, "Mama hana nia mbaya."

Nia mbaya ningeikimbia. Hii nzuri ilikuwa inanifuata kila asubuhi na bakuli mkononi, na ikisimama mlangoni hadi nimalize. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba mafiga sitangoja kupewa. Jioni ile ile, mwanga bado upo na watu wanarudi kutoka shambani, nilitoka nikabeba mawe matatu, moja baada ya jingine, tumbo mbele, nikayapanga mlangoni kwangu nikawasha moto. Wanawake wa mstari wetu walisimama barabarani.

"Hajazaa na anajiwashia moto!" mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kunifikia. "Anajiona nani huyo?"

Nilipika ugali wangu na dagaa niliotumiwa kutoka kwetu. Mama mkwe aliuona moshi akageuza kigoda chake, akakaa ameupa mgongo. Tuliishi hivyo, moshi wake na moshi wangu, hadi tumbo likakua. Daktari nilimweleza. Aliweka kalamu chini, hakusema "si nilikuambia," na kwa hilo namheshimu. Nikamuuliza juu ya ile mimba ya kwanza. Alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi, na hakuna mtu duniani awezaye kujua hiyo ilitoka kwa ipi. Nilirudi kwenye vidonge vyangu. Baridi ikaniachia taratibu. Nikaliweka sweta sandukuni, nikavuna kipande changu cha pamba nikakimaliza, nikampita mwenyekiti nimebeba gunia bila kumsalimia.

Nilijifungulia Musoma. Msichana, mwenye mapafu ya kuuzia samaki. Daktari alimkagua, akamgeuza, akamvuta vidole vya miguu, akamwacha alie, na aliposema huyu yuko sawa nililia wodi nzima ikanisikia.

Mama mkwe alikuja siku iliyofuata, peke yake, na basi. Alikuwa hajawahi kufika Musoma. Desturi ilimtaka alete uji wa mzazi, chungu kizima, na kila mama pale wodini alikuwa na chungu chake kando ya kitanda. Yeye alileta mayai mabichi, ameyafunga kwenye khanga yake nzuri, hata moja halijavunjika. Akayaweka juu ya kitanda mbele ya macho yangu.

"Yana ganda," alisema. "Hakuna mtu anaweza kutia kitu."

Nilikuwa nimemnolea maneno kwa miezi mingi na yote yalikuwa bado makali. Alimwangalia mtoto bila kumgusa. Akamtazama akinyonya, akipiga ngumi hewani, akinuna. Kisha akainama karibu, asisikike na wale wa vitanda vya jirani.

"Na yule wa kwanza," aliuliza. "Ni mimi?"

"Daktari anasema hakuna anayejua."

"Daktari sijamuuliza, mwanangu. Nakuuliza wewe."

Nikamhamishia mtoto titi la pili. Aliendelea kusubiri hadi muuguzi akaja kuwaondoa wageni, akamgusa bega, akamwambia, "Mama, muda umeisha," na hata hapo hakuinuka.